Waithira Mathenge na Kiwanda cha Blanketi cha Chaka, 1931–1983

Dada yetu Waithira alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Gatarakwa, Kieni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wamae na marehemu Mama Warigia. Mimi Nderitu ninayewasomea ndiye kitindamimba wao, na ni yeye aliyenibeba mgongoni.

Alianza shule mwaka 1940 akaishia darasa la nne, maana kondoo wa baba walihitaji mchungaji. Huko malishoni ndiko alikojifunza kusokota sufu, bila mwalimu.

Mwaka 1952 aliolewa na Bwana Mathenge Theuri. Mungu aliwajalia watoto wanne: Ngendo, Mutahi, Wangechi na Kingori. Kingori alitutoka akiwa mchanga.

Mwaka 1967 alikodi chumba sokoni Chaka, yeye na kina mama wanne, wakaanza kufuma blanketi. Wajane walikuja kuomba kazi, naye akawa anawarudisha nyumbani kwa kukosa vitanda vya kufumia. Jambo hilo lilimnyima raha. Kwa hiyo mwaka 1973 aliomba mkopo wa serikali wa viwanda vidogo.

Wengi wenu mnakumbuka siku afisa alipokuja kukagua. Kwetu mgeni hapokewi na mtu aliyeinamia kazi. Basi magurudumu ya kusokotea yakasimamishwa, sufu ikafichwa, kina mama wakavaa nguo za kanisa, wakamwimbia tangu barabarani, wakamlisha mpaka jioni. Afisa akaandika kwamba hakuona kazi yoyote ikiendelea. Mkopo ukakataliwa.

"Uuui, Mama Ngendo, kwani tuliimba vibaya?" rafiki yake Wachuka aliuliza.

"Tuliimba vizuri sana," marehemu akamjibu. "Hiyo ndiyo shida."

Aliomba tena. Mwaka 1975 afisa yuleyule aliporudi, hakuna aliyeinuka. "Karibu, baba. Nishikie huu uzi, usikatike," dada alimwambia. Akaushika saa nzima, suti ikajaa manyoya. Agosti mkopo ukatoka, na kina mama wakafika thelathini na mmoja, wengi wao wale wajane.

Mwaka 1981 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Hata hivyo aliendelea kufika Chaka, miguu imevimba hata viatu haviingii. Mwaka jana serikali ilikubali mkopo wa pili, wajenge jengo lao wenyewe. Msingi ulichimbwa Januari, yeye akiwa tayari amelazwa Nyeri.

"Baba Ngendo, nipeleke nione kuta tu, kisha unirudishe," alimwomba mumewe mwezi Mei. Sote tulimwambia angoje apate nafuu. Hakupata. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Juni 1983, saa tatu asubuhi. Kuta zilikuwa zimefika linta, usawa wa juu ya milango. Ni mwendo wa nusu saa kwa gari, nasi hatukumpeleka.

Ameacha mume wake Mathenge, watoto Ngendo, Mutahi na Wangechi, wajukuu saba, mimi ndugu yake, na kina mama wa Chaka, ambao Jumatatu wanaendelea na ujenzi.

Mungu ampumzishe kwa amani, na atusamehe sisi tuliomwambia angoje.