Bastola ya Babu Yake Mwenyekiti

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Silaha za Kale, mwenzetu tunayemwita Bwana Lenzi anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Uongozi wa makumbusho umesikitika. Umekuwa ukisikitika tangu siku alipoajiriwa, kwa hiyo umeshazoea.

Alikuja akiwa kijana mwenye shahada mbili na ulimi usio na breki. Kazi yake ilikuwa kutenganisha silaha halisi na za bandia, na aliifanya popote alipokaa. Kwenye arusi ya mpwa wake alitoa kioo cha kukuzia ili aikague pete. Hajaalikwa tena.

Jina lake lilipaa siku Mwenyekiti wa Bodi alipotuletea bastola ya marehemu babu yake, imeviringishwa kwenye hariri kama kichanga. Babu huyo, kwa maelezo ya mjukuu, alizuia kikosi kizima darajani wakati wa vita akiwa peke yake. Mwenyekiti alitaka ikae ukumbi mkuu, na kwa kuwa alikuwa ameahidi kutuezekea paa jipya, sote tuliiona ni halisi kabla hariri haijafunguliwa. Mkurugenzi alitokwa na machozi. Mhasibu alipiga saluti.

Bwana Lenzi aliiweka chini ya taa. Kutu ilikuwa imeenea sawasawa kila mahali, hata pale vidole vinaposhika, kama inavyofanya kutu ya kughushi kwa tindikali. Skrubu zilikuwa za aina iliyoanza kutengenezwa miaka mingi baada ya vita vile. Mtutu nao haukuwa na tundu. Ulizibwa kabisa, na sisi tulikuwa tumeuchungulia tukausifu.

“Mheshimiwa,” alisema mbele ya waandishi wa habari, “hii haiwezi kuua hata mende, labda umrushie.”

Kesho yake alihamishiwa chumba cha miavuli ya wageni. Uongozi uliita hatua hiyo kupanuliwa kwa majukumu. Mkewe anasema miezi ile alikuwa akirudi nyumbani, anakaa mezani, na chakula kinapoa mbele yake. Aliombwa mara kadhaa atie sahihi kwamba alikosea. Alikataa, akaendelea kugawa miavuli.

Aliyemtoa huko ni shangazi yake Mwenyekiti, aliyeketi mstari wa mbele siku bastola ilipozinduliwa ukumbi mkuu. Pazia lilipofunguliwa, alicheka hadi akapaliwa.

“Jamani, si ile bastola ya maigizo! Baba aliiazima kwenye kikundi chao, hakuirudisha. Alikuwa akiigiza jambazi, na kila onyesho alikufa wa kwanza!”

Paa linavuja hadi leo. Bwana Lenzi alirudishwa idarani na kutunukiwa cheti cha utiifu, ambacho hakukifuata. Aliomba jambo moja tu: bastola ibaki pale pale, na maelezo yataje mwigizaji badala ya shujaa. Wanafunzi huipangia foleni ndefu kuliko mizinga yetu yote. Mwenyekiti mwenyewe siku hizi huleta wageni, na akichangamka huwaonyesha jinsi babu alivyokuwa akianguka.

Asante, Bwana Lenzi, na pole kwa miavuli. Mkeo ametuomba tukubakize hata siku mbili kwa wiki. Tumekataa kwa heshima zote. Nenda nyumbani, ndugu yetu, ukapumzike kwa afya na amani. Mungu akupe siku nyingi, na mama ampe subira.