Kaseti ya Wanajeshi Wawili

Benchi ya Mama Wanjala iko nyuma ya soko la Kakamega, kona ya posho mill, na ni mbao moja tu ya mti wa msitu wa Isecheno, iliyokaliwa mpaka ikang'aa kama mgongo wa ng'ombe. Asubuhi mwenyewe, Beldina, anawasha jiko, anapika kahawa ya tangawizi, na watu wake wanaingia mmoja mmoja, wanakaa, wanabishana mpaka mvua ya saa nane iwafukuze. Siku hiyo, mwaka wa tisini na sita, mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu, walikuwa wanne. Hezekiah, wanamwita Meja, kwa sababu alipikia jeshi kambini miaka kumi na tisa. Osiako, fundi wa redio, wanamwita Waya. Lynette wa mitumba, wanamwita Gazeti, na hakuna anayehitaji kuelezwa ni kwa nini. Na Cleophas. Cleophas naye alikuwa na jina lake la utani, lakini aliyempa hilo jina alizikwa mwezi wa tatu, na tangu hapo hakuna mtu ameliita.

Aliyezikwa ni Wanjala, mtoto wa Beldina. Trela ya miwa ilimlalia. Yeye na Cleophas walitahiriwa asubuhi moja, wakauguza kidonda nyumba moja, wakala sinia moja, na huko sheria ilikuwa ni moja: huanzi kula mpaka mwenzako akae. Wakakua hivyo hivyo. Kila jioni walikuwa kwa Beldina huko Shirere, mbele ya televisheni, kila mtu na chake cha kushika mkononi, wanapiga risasi za gemu na kupiga kelele, na mama akiwatishia na mwiko. Tangu mazishi, Cleophas hajavuka ule mlango. Benchini anakujanga. Nyumbani haji. Na juzi amepata kazi mbali, huko Likuyani, ghala la mahindi, bado hajasema kama ataenda.

Alimaliza kikombe cha kwanza, akakizungusha mkononi, ndipo akasema.

— Kuna mtu wa kaseti anaitwa Kibiwott, anatoka Eldoret. Ameleta gemu mpya. Anapita saa sita kuchukua jibu. Ninunue ama niache?

— Utachezea wapi? Lynette akauliza. Wewe hata TV huna.

— Kwa ile mashini... ile iko kwa mama.

Beldina akageukia jiko kama mtu anayetafuta kijiko. Ile mashini ya gemu iko kwake chini ya kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, wazee walipogawa vitu vya marehemu, koti lilienda kwa mjomba, baiskeli kwa binamu, gamubuti kwa aliyechimba kaburi. Walipofika kwa mashini, mzee mmoja aliigeuza juu chini akauliza inapika nini. Hakuna aliyejua kumjibu, wakaiacha kwa mama. Kila Jumamosi anaipangusa vumbi. Cleophas akinunua hiyo kaseti, atakuja. Asiponunua, ataenda Likuyani, na ile nyumba itanyamaza kabisa. Lakini mtu ataanzaje kumwambia mtoto wa watu, njoo unipigie kelele? Akakoroga kahawa ambayo haikuhitaji kukorogwa.

— Ni gemu ya nini? Meja akauliza.

— Wanajeshi wawili. Wanaenda pamoja, wanapiga adui.

— Wawili tu? Hao si jeshi. Hao wametoroka kambi.

— Meja, ni gemu.

— Wako na mpishi?

— Hakuna mpishi.

— Maji?

— Hawanywangi.

— Risasi je?

— Haziishangi.

Meja akaweka kikombe chini.

— Usinunue. Mimi nimepikia wanaume mia tatu, sijaona hata mmoja wa kukimbia siku nzima bila maharagwe. Hao kabla ya saa nne watakuwa wamelala kwa mtaro.

— Shida si maharagwe, Waya akasema. Shida ni mate.

— Mate ya nani?

— Kaseti ikikataa kushika, mnafanyanga nini? Si mnaitoa mnapuliza? Pfuu! Mate inaingia huko ndani, inakaa. Hiyo ya Kibiwott imepulizwa na Eldoret yote. Unanunua kifua kikuu, ndugu yangu.

— Ni mpya. Iko na karatasi yake.

— Karatasi hata mimi nafunganga.

— Kumbe! Lynette akaruka. Ile redio uliniuzia ati imetoka dukani jana!

— Gazeti, tunaongea mambo ya maana hapa. Na stima je? Risasi zote zinatoka kwa waya, si hewani. Ukipiga mia moja Shirere, huko Lurambi mtu anakosa taa. Ile siku stima ilipotea mtaa mzima, mlifikiri ni radi? Ilikuwa ni hawa wawi...

Akaanza kukuna shingo.

Cleophas akacheka kidogo, bila meno.

— Ilikuwa ni sisi. Tulikuwa tumefika mlango wa sita wa gemu. Hatukuwahi kuupita.

Kinu cha posho mill kilinguruma, kikazimwa. Beldina alizunguka na birika, akamwongeza Cleophas kwanza ingawa zamu ilikuwa ya Meja, na Meja akasogeza kikombe chake kando.

— Sasa hii mpya inashinda ile ya zamani na nini? Lynette akauliza, kwa sauti ya chini.

— Si sana. Iko hivyo hivyo tu. Mmoja akibaki nyuma, picha inasimama. Huwezi kumwacha mwenzako. Wanjala alikuwa anabaki, anaokota vitu, hajali. Mimi niko mbele nimezingirwa, nampigia kelele, songa, wewe kobe, songa! Na yeye anacheka.

Jina la Wanjala lilikuwa halijatoka kwa mdomo wake tangu mwezi wa tatu. Beldina alilisikia likipita juu ya vikombe kama mtu aliyeingia bila kubisha. Akakaa chini kwa kile kistuli chake.

Gazeti hapendi kimya. Kimya kinamwasha mwili.

— Mimi niliambiwa hao watu wa ndani ni watu wa kweli, akasema. Mwanamke wa Malava alisikia mmoja akiita kwa Kiluhya.

— Akisema nini?

— Anataka obusuma, ugali wake.

— Si nilisema! Meja akapiga goti. Hakuna mpishi!

Hata Beldina alicheka. Cleophas alicheka na meno sasa. Gazeti akaona mambo yameiva, akaongeza kuni.

— Na hao hawafi! Anapigwa, anaanguka chini, fya, unafikiri kwisha. Kidogo unamwona anashuka kutoka juu, mzima, na bunduki yake, anaendelea na safari. Mara ngapi, Cleophas?

— Mara tatu.

— Mara tatu! Mtu anapewa maisha tatu! Hata yule mjinga wa kusimama mbele ya...

Ndipo akasikia mwenyewe alichokuwa akisema. Mkono wake ulibaki hewani.

Birika ilikuwa imeinama mkononi mwa Beldina, na kahawa ilikuwa inamwagika chini, inatengeneza njia yake kwenye vumbi, na yeye alikuwa anaiangalia tu. Waya ndiye alimshika mkono akaiinua.

— Mama Wanjala, nisamehe, Lynette akasema. Mdomo yangu hii.

— Kunywa kahawa, Gazeti.

Meja alivua kofia akaiweka kwa goti.

— Usinunue, kijana, akasema polepole, na haikuwa tena sauti ya kambini. Hiyo gemu ni ya uongo.

— Ndiyo, Cleophas akasema. Najua ni ya uongo.

Kibiwott alifika wingu likiwa limeshashuka upande wa msitu. Kijana mrefu, mkoba begani, viatu vyote matope, mwenye kusalimu kila mtu kwa mkono. Aliomba kahawa. Birika ilitoa nusu kikombe na machicha. Akashukuru hata hivyo, akanywa amesimama, akatoa kaseti mbili akaziweka kwa benchi.

— Bwana Cleophas, nimekuja na mbili ili uchague. Hii ni ya mtu mmoja, ni sawa tu. Hii ndiyo ile nilikuambia, ya watu wawili, na ni tamu kabisa. Lakini sitaki unilaumu kesho. Hii haikubali mtu mmoja. Yule wa pili akikosa mtu wa kumshika, anasimama pale pale, na wewe huendi popote. Kwa hivyo niambie tu. Mko wawili?

Hakuwa anajua. Aliuliza vile mtu wa duka anauliza viatu namba ngapi.

Meja, mwenye jibu la kila kitu, aliangalia ndani ya kofia yake. Waya alitoa kipande cha waya mfukoni akaanza kukinyoosha. Lynette aliuma kidole. Kibiwott aliwaangalia mmoja mmoja, akitafuta kosa lake.

— Rudisha zote, Cleophas akasema mwishoni. Mimi nimepata kazi Likuyani. Nitaenda kesho kutwa.

— Si neno, Kibiwott akasema, akaanza kuzirudisha kwa mkoba. Tone la kwanza lilianguka kwa bati la posho mill, na la pili.

— Ngoja kwanza.

Ni Beldina. Alikuwa amesimama, anapangusa mikono kwa aproni, upande huu, upande ule.

— Huyo wa pili, akamwuliza Kibiwott. Ni lazima apige risasi?

— Aje, mama?

— Nauliza tu. Ni lazima apige? Ama anaweza kutembea tu, polepole, ili asibaki nyuma?

Kibiwott alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Cleophas aliinama mpaka kofia yake ikafunika uso, na mabega yake yakaanza kwenda juu chini. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, na siku hiyo hakuna mtu aliyetoka kwa benchi.

Beldina alikuwa bado anangoja kujibiwa, mikono mbele ya aproni, vidole gumba viwili vimenyooka, kama mtu anayengoja kuonyeshwa mahali pa kushika.