Siku Niliyosema Mimi ni Mkunga

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu wa Migori. Naona wengine mnanitazama, bibi mwenye mvi anayeongea Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Mimi ni Mama Neema. Yule mzee aliyekaa karibu na mlango ni mume wangu, Mchungaji. Kwetu ni Njombe, Tanzania, nchi ya baridi, na kanisa letu lilitutuma Sindo tukiwa tumeshastaafu wote wawili. Tumekaa kando ya ziwa miaka sita. Kesho tunavuka mpaka kurudi nyumbani, na siwezi kuvuka bila kusema alichonitendea Mungu.

Watu hudhani maisha ya mmisionari ni kuhubiri tu. Maisha yetu sisi yalikuwa ni kubeba maji. Kila alfajiri baada ya sala, Baba Neema alifunga madumu mawili kwenye baiskeli akateremka ziwani. Mimi niliwasha jiko la mkaa, maji yakachemka, nikakaa barazani kutoa mchanga kwenye dagaa, ambao hapa mnawaita omena. Mchana niliwafundisha kina mama kusoma na kushona. Jioni tuliwatembelea wagonjwa. Kijaluo kilitusumbua sana. Mume wangu aliwahi kuwaambia watu "oyawore", yaani habari za asubuhi, jua likiwa linazama, na soko zima likamjibu kwa kicheko. Mara moja kwa mwezi tulipanda boti kwenda Mfangano kuwaona waumini wa kisiwani.

Hayo yote niliyafanya kwa moyo, ndugu zangu. Lakini kulikuwa na jambo nililoficha.

Nilikuwa mkunga kwa miaka zaidi ya thelathini. Siku moja, kule kwetu, mama mmoja aliyetoka kujifungua aliniita akasema anasikia kizunguzungu. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Lala, nakuja," nikaenda kunywa chai. Niliporudi damu ilikuwa imefika sakafuni. Hatukuweza kumwokoa. Jina lake lilikuwa Tulia, na aliacha watoto watatu. Hakuna aliyenishtaki. Nilijishtaki mwenyewe, nikarudisha sare, nikastaafu kabla ya wakati wangu.

Kanisa lilipotuita, nilimwambia mume wangu, "Nitakwenda, ila mtu yeyote asijue kazi yangu." Akasema, "Haya, Mama Neema. Sitasema mpaka useme wewe."

Basi Sindo nikawa mke wa mchungaji, basi. Mwaka wa pili jirani yetu alishikwa na uchungu ukamzidi. Nilisikia sauti yake kutoka barazani, na nilijua kwa sauti ile tu kwamba mtoto amekaa vibaya. Sikuinuka. Niliendelea kuchagua dagaa. Mungu akawarehemu, wakampata mtu mwenye gari, akafikishwa hospitali Homa Bay, wakapona wote wawili. Jumapili yake nilisimama kanisani nikamwimbia Mungu kwa kinywa kilichojaa majivu.

Niliishi hivyo miaka minne.

Sasa nisikilizeni. Mtakumbuka jinsi magugu maji yalivyofunika ziwa miaka hii ya tisini. Tulikuwa tunarudi kutoka Mfangano asubuhi, watu tisa ndani ya boti. Alikuwamo dada mmoja mjamzito, Akinyi, pamoja na mama mkwe wake. Walikuwa wanakwenda Homa Bay ili asubiri siku zake karibu na hospitali. Alikuwamo pia Mzee Salim, Mwislamu mwenye duka pale Sindo, na bidhaa zake. Upepo ukasukuma magugu yakatuzunguka pande zote, yakajisokota kwenye injini. Ouma, mwenye boti, alivuta kamba ya injini mpaka jasho likamtiririka.

"Imekataa," akasema. "Hii magugu imetushika kabisa. Tutakata na panga pole pole."

Wanaume wakaanza kukata. Jua lilipopanda, Akinyi akashika ukingo wa boti akaguna. Mama mkwe wake akamgusa tumbo, akageuka kwetu.

"Mtoto anakuja. Nani hapa anajua kuzalisha?"

Nikamtazama mume wangu. Alinitazama mara moja, kisha akageuza uso akaendelea kukata magugu. Alitunza ahadi yake, ndugu zangu, na uaminifu ule ulinichoma kuliko karipio lolote.

"Basi nitajaribu mimi," yule mama akasema. "Lakini mimi sijui. Mungu atuhurumie."

Nilifumba macho. Sikuona maono wala sikusikia sauti. Nilisema moyoni, Bwana, nimechoka kuogopa. Nikafumbua macho nikasema, "Mimi ni mkunga."

Mama mkwe akanikazia macho. "Mama Mchungaji, na ulikuwa wapi siku hizi zote?"

Nikaomba sabuni. Mzee Salim alikuwa ameshafungua mzigo wake. Akanipa sabuni, wembe mpya kwenye karatasi yake, uzi, na kanga mbili za dukani. "Chukua, mama, chochote," akasema, kisha akawaambia wanaume wenzake wageuke, naye akageuka, akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini. Baba Neema akanimiminia maji tuliyochemsha nyumbani kwa ajili ya kunywa.

Mtoto alizaliwa jua likiwa utosini. Msichana. Akalia papo hapo, na boti nzima ikashangilia. Nikafunga kitovu, nikakata. Kondo la nyuma likatoka.

Kisha damu ikaanza kutiririka.

Ilikuwa ni ile ile. Nilimwona Tulia mbele yangu waziwazi. Akinyi akanong'ona, "Mama, nasikia kizunguzungu." Maneno yale yale! Nikamjibu, "Niko hapa. Siendi popote." Nikamweka mtoto kwenye titi la mama yake anyonye, nikaweka mkono juu ya tumbo, nikasugua na kukandamiza, nikiomba kwa lugha ya kwetu, kwa Kiswahili, kwa Kijaluo changu kibovu. Sijui ni muda gani. Nilisikia tumbo likikaza chini ya kiganja changu, likawa gumu kama linavyotakiwa. Damu ikapungua. Ikakoma. Mama mkwe akaweka mkono wake juu ya wangu, akasema, "Nyasaye yuko," yaani Mungu yupo.

Nililia mbele ya watu wote, ndugu zangu. Miaka minne ya hofu ilitoka siku ile.

Alasiri upepo uligeuka, magugu yakaachia njia, Ouma akawasha injini. Akinyi alipelekwa Homa Bay, na muuguzi aliyempokea alisema mama yuko salama. Mtoto aliitwa Achieng', kwa sababu alizaliwa mchana wa jua kali.

Jumapili iliyofuata niliungama mbele ya kanisa, habari za Tulia na za yule jirani niliyemnyima msaada. Jirani mwenyewe alikuwapo. Aliinuka, akanikumbatia, akasema, "Mimba ingine ikija, nitakuja kwako." Na alikuja! Kwa idhini ya zahanati nikaanza kufanya kazi na wakunga wa jadi, tukifundishana. Baba Neema sasa alichota madumu manne badala ya mawili, ili maji ya kuzalishia yasipungue, na hakunung'unika hata siku moja. Bado namkumbuka Tulia, na nawaombea watoto wake kwa majina. Lakini simkimbii tena.

Ndugu yangu, huenda umekaa hapa na kosa linalokufunga mikono. Mungu aliweza kunifungua mimi, mwanamke mzee, katikati ya magugu. Mwamini. Hana haja usubiri mpaka uwe jasiri. Mimi sikuwa jasiri. Anayetaka kuombewa aje mbele, na anayeona aibu aende pale mlangoni kwa mzee wangu. Yeye anajua kutunza siri mpaka mwenyewe uwe tayari.