Nyundo Isubiri Kitanda cha Sita

Mgeni rasmi, mkuu wa hospitali, mafundi wa ujenzi, ndugu wa wagonjwa, nanyi wagonjwa mnaotusikiliza nyuma ya madirisha yaliyofungwa: salamu kwenu nyote.

KARIBU

Sisi wauguzi, madaktari, watu wa maabara na wafanya usafi wa wodi ya saratani ya damu tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Utuwie radhi kwamba hukupokewa kwa shada la maua. Si uchoyo. Maua hubeba mbegu za ukungu, na hapa kwetu ukungu unaua. Utuwie radhi pia kwa kukukalisha juani. Kivuli kiko chini ya madirisha ya wodi, nasi hatutaki watu wengi watimue vumbi pale, maana nalo hubeba mbegu hizo.

TULIKOTOKA

Wodi hii ilikuwa stoo ya magodoro. Leo ina vitanda kumi na viwili, na havikai vitupu. Dawa tunazowapa wagonjwa huua saratani, lakini huua pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kwa wiki mbili, pengine tatu, mgonjwa hana mlinzi. Ukungu ambao wewe na sisi tunauvuta na kuutoa kwa chafya, kwake hushuka mapafuni ukaota. Homa hupanda. Tunampa dawa za bakteria, siku ya nne inafika, ya tano inafika, homa iko palepale. Hapo ndipo tunaposhuku fangasi, yaani ukungu huo, na mara nyingi tunakuwa tumechelewa.

TULIYOFANIKIWA

Tungependa sehemu hii iwe ndefu. Wapo waliopona, na mmoja alirudi mwezi jana kutuonyesha nywele zake mpya. Lakini fanikio letu kubwa limetokana na kosa, na tumekubaliana tuliseme.

Miezi mitatu iliyopita, mafundi walipoanza kubomoa banda la nyuma, mgonjwa wa kitanda cha tatu, mshonaji wa nguo, alishikwa na homa. Makohozi yake yalipelekwa maabara, na kwenye kisahani cha kuoteshea vimelea kukaota manyoya ya kijani. Mwenzetu mkongwe, tunayemwita Mzee Kisahani, akaona kisahani kimeingia uchafu, akakitupa, kama sisi sote tulivyofundishwa. Cha pili akakitupa. Cha tatu kilipoota vilevile alikaa nacho mkononi kwa muda mrefu, kisha akakileta wodini mwenyewe.

"Mwanangu," alimwambia dada mkuu wa wodi, "huu si uchafu. Huu ndio ugonjwa wenyewe, na nimeutupa mara mbili."

Mshonaji alikuwa amefariki alfajiri ile.

Tangu siku hiyo, hakuna kisahani cha wodi yetu kinachotupwa kabla watu wawili hawajakitazama na daktari hajapigiwa simu. Wagonjwa wanne wameanzishiwa dawa ya fangasi mapema. Watatu wako hai. Hilo ndilo fanikio letu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tumechoka. Kipimo cha damu cha fangasi hatuna. Sampuli husafirishwa mbali na majibu hurudi siku ya tisa. Mengine hukuta kitanda kimeshatandikwa upya. Picha ya kina ya mapafu hupigwa ng'ambo ya ua, na ili kufika huko mgonjwa huvuka vumbi lilelile tunalomkinga nalo. Wafanya usafi hupangusa kwa vitambaa vibichi mara tatu kwa siku. Madirisha tumeyaziba kwa utepe wa gundi, lakini vumbi halikosi pa kupenya.

Kitanda cha sita yupo mwalimu mstaafu. Leo ni siku ya nane hana chembe nyeupe. Dirisha lake linatazamana na ukuta ule uliofungwa kitambaa chekundu, ambao kwa mujibu wa ratiba wewe utaupiga nyundo ya kwanza baada ya risala hii, ubomolewe kupisha jengo jipya. Tulipomweleza alicheka, akasema vumbi la chaki amelila miaka thelathini, hili la tofali lina kiburi gani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama dirisha limezibwa vizuri.

Homa yake ilianza jana.

OMBI

Tuliandika maombi manane. Mkuu wetu alisema ni mengi, nasi tukayapunguza hadi likabaki moja.

Tunajua wapiga picha wamefika na nyundo imepakwa rangi. Jengo jipya tunalihitaji kuliko mtu yeyote aliye hapa, na hatuombi lisijengwe. Tunaomba ukuta usiguswe leo. Tupe siku kumi tuwahamishe wagonjwa wetu wodi ya upande wa pili, ambako wenzetu wamekubali kutupisha, na mafundi watundike maturubai na kuulowesha ukuta kabla ya kuubomoa. Msimamizi wa ujenzi ametuambia yuko tayari kusubiri, ila aambiwe na mkubwa. Sisi si wakubwa.

Ukiinua macho, dirisha la tatu kutoka kushoto, utaona mkono unapunga. Ni mwalimu. Ametuagiza tukwambie kwamba hakuagi, anakukaribisha.

Nyundo iko mezani, karibu na mkono wako. Tunaomba ibaki hapo.

Mungu akujalie afya, wewe na wa nyumbani kwako, na kila alalaye humu ndani amjalie pumzi ya kesho.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Wodi ya Saratani ya Damu na Maabara yake