Dada Shanghai na Masala ya Yogesh

Ukitoka stesheni ya Walthamstow ukaufuata mtaa wa soko hadi karibu na mwisho, utakuta benchi mbele ya duka la Yogesh, baina ya muuza mapazia na fundi simu. Hapo ndipo wanapokaa watu wanaojua kila kitu, na kahawa ya tangawizi. Ukikaa mara mbili tu, jina alilokupa mama yako limekwisha. Yogesh, mzaliwa wa Kisumu, sisi tunamwita Masala, maana ndiyo biashara yake. Anavumilia kwa kuwa ni utani wa nyumbani. Kazi yake ya kwanza London aliiacha kwa sababu msimamizi alikuwa akimwita Joe, na mpaka leo hajalisahau. Hamad wa Pemba, dereva wa basi, ni Balozi, kwa vile anazisemea nchi zote. Elkana ni Mahusiano: anadai Nairobi alikuwa mtu wa mahusiano na vyombo vya habari, na Masala, maskini, akaamini akampa kazi. Mimi wananiita Lawama, na sababu mtaiona wenyewe.

Kisa ni hiki. Kuna tajiri mwenye maduka ya vyakula vya Kichina. Alimwambia Masala: wateja wangu wanaliamini gazeti lao la Kichina, wakikusoma humo nitaweka masala yako kwenye rafu zangu. Asipoyaweka, chumba cha kufungashia kule Barking kinafungwa, na Hansa, dada yake Masala, na kina mama wenzake wanarudi nyumbani. Juma lililopita mwandishi wa gazeti hilo, dada mmoja, alikuja, akanywa kahawa yetu, akauliza, akaandika. Wakati wa kuaga akasema: Ijumaa kabla ya adhuhuri nipigieni ofisini, mniulizie mimi, nihakikishe mambo mawili matatu, msipopiga, nafasi anapewa mwingine. Leo Ijumaa, adhuhuri hiyo inakuja, na wataalamu bado wanajadili namna ya kupiga simu.

Masala: Jamani, tupige sasa.

Mahusiano: Tulia, bana. Media ya Kichina haipigiwi hivi hivi. Ukikimbilia simu wanaona uko na njaa.

Lawama: Si njaa anayo kweli?

Mahusiano: Wewe hii kazi huielewi. Mimi nimeita waandishi hotelini Nairobi, wakaja mpaka viti vikaisha.

Lawama: Walikuja kula.

Balozi: Hebu nisikilizeni mie. Yule Dada Shanghai hana uamuzi wowote. Makala imepelekwa Beijing, inapimwa. Mnaiona iliki jambo dogo?

Masala: Gazeti linachapishwa hapahapa London, Balozi. Alituambia mwenyewe ni familia moja, baba na mabinti zake.

Balozi: Ndivyo wanavyotaka uamini.

Mahusiano: Mimi naona shida ni pakiti. Ni ya kijani. Mchina anataka nyekundu, hiyo nimeisoma.

Lawama: Umeisoma wapi?

Mahusiano: Kwa simu.

Balozi: Na mlimwangalia akinywa? Kahawa chungu, polepole, hakuomba sukari. Mtu wa namna ile ana analolificha. Mie nasema katumwa na wenye masala wa Southall, aibe siri ya mchanganyiko.

Kikombe cha Balozi mwenyewe hakijawahi kuonja sukari, lakini nani amwambie.

Mahusiano: Basi tukipiga, naongea mimi. Nimejifunza salamu ya Kichina.

Lawama: Kazaliwa Croydon yule. Kiingereza chake kinakuacha mbali.

Mahusiano: Haya ni mambo ya uhusiano, Lawama. Mimi na yeye tayari ni ndugu. Si mliona alivyonipa kadi yake, kaishika kwa mikono miwili? Nikamwambia rudisha, kadi ni za wageni, wewe ni mtu wa nyumbani.

Masala: Ulimrudishia kadi?

Mahusiano: Kwa upendo.

Hapo nikachoka kabisa. Huyu ndiye mtaalamu anayelipwa kwa jasho la Hansa.

Mlangoni alikuwa amesimama nesi mmoja, kaja kununua iliki, na mzozo wetu ulikuwa umemzibia njia. Alijitambulisha, Mumbi, na kabla Balozi hajampachika jina jingine akauliza kuna nini. Masala akamweleza kwa kifupi. Mumbi akachukua gazeti la Kichina lililokuwa benchini, akaiona namba ya ofisi ukurasa wa mbele, akapiga kwa simu yake mwenyewe huku tunamtazama. Akaweka sauti ya nje. Mwanamke akaitika, Kichina kwanza, kisha Kiingereza: nikuunganishe na nani?

Mumbi akaziba simu kwa kiganja.

Mumbi: Anaitwa nani?

Balozi akachungulia kikombe chake. Mahusiano akajikuna shingo.

Mahusiano: Sema yule dada Mchina.

Mumbi: Nimepigia gazeti la Kichina, kaka yangu.

Balozi: Basi mwambie Shanghai.

Masala: Nyamaza, Hamad.

Sijawahi kumsikia akimwita Hamad hapo benchini.

Masala: Alilitaja. Alisimama pale pale, akalitaja jina lake mara mbili, polepole, kama mtu aliyezoea kurudia. Wewe ukamwambia hapa hatuna majina magumu, utakuwa Shanghai. Tukacheka wote. Na mimi nikacheka.

Simu ikaita hello, hello. Masala akaichukua mkononi mwa Mumbi, akasema samahani, bado niko hapa. Yule mwanamke hakukasirika. Akamwomba kwanza jina lake yeye.

– Yogesh.

– Nihakikishe nimeandika sawa. Y, o, g, e, s, h?

– Ndivyo hasa.

– Asante, Bwana Yogesh. Na unamtafuta nani?