Ufa Usiozibwa

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, nanyi wageni kutoka mbali ambao mpaka asubuhi hii hatukujua kama mpo, mimi ni mdogo wake wa mwisho, nasimama kwa niaba ya familia, na hasa kwa niaba ya mumewe, shemeji yangu Fundi, aliyeniomba nisome taratibu ili na yeye apate kuelewa.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 5 Aprili 1963 kwa mujibu wa cheti, ingawa mama yetu alishikilia mpaka mwisho kwamba ilikuwa tarehe 10, siku maji makubwa ya bamvua yalipoingia jikoni yakazima moto, na kwa kuwa cheti na mama wote walikuwa wabishi, familia imeamua kuzisoma tarehe zote mbili. Baba yetu alikuwa na mabwawa ya chumvi huku mtaa wa chini, na dada alikulia juu ya tuta la udongo lililozuia bahari isiyavamie, akirudi nyumbani na miguu ya kijivu mpaka magotini, ndipo akapewa jina la Matope, jina lililomfuata hadi ofisini.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha mipango ya ardhi, akahitimu mwaka 1986, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo akaajiriwa katika ofisi ya mipango, chumba cha mwisho ghorofani, chenye dirisha lisilofungika na ramani zilizoning'inizwa kwa vibanio vya nguo. Kazi yake, kama tulivyoielewa, na hatukuielewa sana, ilikuwa kuandika mipango na kutafuta wafadhili ili pwani ilindwe kwa mikoko badala ya kuta za zege, jambo aliloliita suluhisho la asili, mpaka jirani yetu mmoja akaja kumwomba dawa ya kiuno, naye kwa kuchoka kueleza akamkanda kwa mafuta, na jirani akapona.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Fundi, mwashi aliyekuwa akijenga ngazi za ofisi ile, na hapo ndipo mkanganyiko wa familia hii ulipoanza, mke mtu wa mikoko, mume mtu wa saruji. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni dereva wa lori. Baba alipofariki na biashara ya chumvi ikafa, Fundi aliendelea kulitunza lile tuta kila baada ya mvua, akisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna aliyemuuliza tuta linalinda nini tena wakati ndani hakuna chumvi.

Mwaka 2009 dada alipata ufadhili wake wa kwanza, lakini wafadhili walitaka kuona miche, kwa hiyo miche ikapandwa kwenye tope la wazi mbele ya bahari, mahali ambapo mikoko haijawahi kuota, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi na picha zilitoka vizuri. Ikafa yote, wakapanda tena, ikafa tena. Jioni moja alikaa kizingitini viatu mkononi, akamuuliza Fundi inawezekanaje bahari iue mtoto wake mwenyewe, na Fundi, ambaye hakujua, akamjibu labda inahitaji samadi.

Mwaka 2013 Fundi alifanyiwa upasuaji wa ngiri, tuta likapasuka bila mtu wa kuliziba, maji yakawa yanaingia na kutoka, yakileta mbegu, na mikoko ikaota yenyewe ndani ya mabwawa bila kupandwa na mtu. Dada aliiona, akafurahi kimyakimya, akasafiri kwenda mkutanoni kuomba fedha za kufungua matuta badala ya kupanda, na huku nyuma Fundi, aliyekuwa amepata nafuu na anataka kumpokea mkewe kwa zawadi, akauziba ule ufa kwa mawe na saruji, akasakafia vizuri, na kwa ncha ya mwiko akaandika jina la mkewe. Dada aliporudi, miche ya ndani ilikuwa imekauka kwa kukosa maji ya bahari. Alitazama sana, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, na Fundi, akidhani ni furaha, akamshika mkono akamwonyesha na upande wa pili.

Baadaye alimweleza, tena mara nyingi, kwa sufuria ya maji na matambara pale jikoni, kwamba mikoko ikishika tope mawimbi hupungua nguvu kabla ya kufika kwenye nyumba, na Fundi kila mara aliitikia ndiyo, akirudi kujiuliza bahari inazuiwaje kwa kufunguliwa mlango. Mwaka jana wafadhili walikubali kulipia kazi ya kufungua matuta, wakatoa muda mpaka mwisho wa mwezi huu, vinginevyo fedha zitakwenda pwani nyingine, na mtaa wa chini, ambako visima vimeshaanza kuwa vya chumvi, ubaki kama ulivyo. Dada hakutaka kutia saini ya kulifungua tuta letu mpaka mumewe akubali kwa moyo wake, na alisubiri.

Alianza kuugua figo mwezi Novemba 2023, akalazwa, na jioni ya Alhamisi tarehe 7 Machi 2024 alimwambia mumewe kwamba tuta likipasuka tena aliache, Fundi akaitikia ndiyo, akatoka kwenda kumuuliza binti yake maana yake, na aliporudi dada alikuwa ametutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutulazia wageni, wafanyakazi wenzake waliobeba ramani zake mpaka hapa, vibanio vikiwa bado vimening'inia.

Mwisho, tunawaomba vijana mliochimba kaburi msirudishe majembe. Kesho ni bamvua, na asubuhi maji yakiwa yametoka, Fundi atatangulia kwenye tuta na kupiga la kwanza palipoandikwa jina la mkewe. Ameniomba niseme wazi kwamba bado hajaelewa, na anaogopa, lakini kwa miaka thelathini na mitano alimwitikia kwa mdomo, na hii moja anataka kuiitikia kwa jembe.

Pumzika kwa amani, dada Matope. Maji yakija, hatutaziba.