Nyaya Kichwani

Kivuko kilikuwa katikati ya mto, na Fausta alikuwa akipelekwa kwa mganga Lupiro kunyolewa nywele ili hofu imtoke. Shangazi yake alikuwa ameshamsimulia hayo abiria aliyekaa kando yao, mfanyakazi wa mashamba ya miwa Kidatu, bila kuulizwa.

"Moyo unamwenda mbio, analia anakufa, na haumwi popote!"

"Hata mimi, mama. Dar walinibandika nyaya kichwani, wakaniambia nijilaze tu. Mashine ikachora. Daktari akasema hata nikitulia, ubongo wangu uko macho kama mlinzi."

"Wakakunyoa?"

"Hapana, walinipaka gundi tu."

"Basi hawakumaliza kazi!"

Abiria wakacheka, na yeye pia.

"Lakini walinipa vidonge, mama. Sasa napanda hata basi."

"Aliyekuroga kachoka, baba, si vidonge."

Fausta hakucheka. Akirudi Michenga na kipara, kila mtu angejua alikofikishwa, na nani angemwoa? Kivuko kikagusa ukingo, shangazi akamshika mkono. Fausta akamgeukia yule mgeni.

"Shikamoo, baba. Huyo daktari anaitwa nani?"